Kuchomelea bamba jembamba: mwongozo kamili kwa anayeanza kabisa

Chukua bamba la chuma la unene wa milimita 1, lipige kwa moto ule ule unaochomelea flati baa ya milimita 6, na kabla hujahesabu mbili litakuwa na tundu la kupitisha kidole. Hapo anayeanza huulaumu mkono wake, kisha mashine, kisha huongeza chuma ili azibe. Tundu nalo linazidi kupanuka. Mkono hauna kosa. Chuma kinene hupokea joto na kulisambaza mwilini mwake kote, lakini bamba jembamba halina pa kulipeleka. Linayeyuka pale pale, au linajikunja kama jani lililokauka.

Kwa hiyo kujifunza kuchomelea bamba ni kujifunza kuachia: unachoma kidogo, unainua mkono, unasubiri. Na usalama wake nao uko kwenye kusubiri huko huko, kwa sababu mengi yanayomuumiza mchomeleaji hayamuumizi akiwa kazini. Macho huanza kuwaka usiku. Homa ya moshi wa zinki humkuta mtu kitandani. Cheche iliyoingia kwenye maranda hufuka kimyakimya wewe ukiwa umeshafunga mlango na kuondoka.

Ninaposema bamba jembamba nina maana ya chuma laini cha kawaida chenye unene wa kuanzia milimita 0.8 hadi 2. Wanaopima kwa geji wakumbuke kwamba namba ikipanda chuma kinapungua: geji 16 ni kama milimita 1.5, geji 18 ni 1.2, geji 20 ni 0.9. Chini ya milimita 0.8 usianzie huko, utakata tamaa bure.

Uchague njia ipi

Kwa mtu anayeanza na mwenye uchaguzi, jibu langu ni moja: MIG yenye gesi (mashine inayolisha waya huku gesi ikiukinga mshono), waya wa milimita 0.6. Waya unajilisha wenyewe, mkono mmoja unatosha, na kitufe kikiachiwa moto unazimika papo hapo. Gesi ya kawaida kwa chuma laini ni mchanganyiko wa agoni na kaboni dayoksaidi, kwa mfano asilimia 75 kwa 25 au 80 kwa 20. Kaboni dayoksaidi tupu nayo inachoma, ila inarusha cheche nyingi na mwali wake ni mkali zaidi kwa bamba.

Waya wenye flaksi ndani (poda inayotoa gesi ya kuukinga mshono), usiohitaji mtungi, una mahitaji machache na unavumilia upepo, lakini una moto zaidi. Kuanzia milimita 1.2 kwenda juu utaumudu. Chini ya hapo utakuwa unaziba matundu. TIG, njia ya ncha ya tangsteni isiyoyeyuka, ndiyo inayotoa mshono safi kuliko zote kwenye bamba, ila inataka mikono miwili inayofanya mambo mawili tofauti na mguu unaofanya la tatu. Iache kwa mwaka wa pili. Gesi ya oksijeni na asetilini ina hatari zake nyingi zinazostahili mwongozo wake peke yake, kwa hiyo sitaigusa hapa.

Ukiwa na mashine ya rodi tu, usikae ukisubiri MIG. Inveta ndogo inayoshuka hadi ampea 30 au 40, pamoja na rodi aina ya 6013 za milimita 2 au 1.6, inachomelea bamba la milimita 1.5 vizuri kabisa. (Zile namba zina maana: 60 ni nguvu ya mshono, yaani pauni 60,000 kwa inchi ya mraba, 1 inasema rodi hiyo inachoma katika mikao yote, 3 inahusu aina ya ganda lake na umeme unaolifaa.) Nitarudi kwenye rodi baadaye, maana mkono wake ni tofauti.

Vaa kwanza, washa baadaye

Nilikuwa msaidizi wa fundi. Kazi yangu ilikuwa kushikilia bamba wakati yeye anachoma, nikaona helmeti ya nini mimi nisiyechoma? Nikawa nageuza uso tu, na mara moja moja nachungulia nione anavyofanya. Jioni nilikula, nikaongea na watu, nikalala vizuri. Saa nane usiku niliamka nikihisi kama mtu amenimwagia kiganja cha mchanga machoni. Kufumba kunauma, kufumbua kunauma zaidi, machozi hayakatiki. Mionzi ya urujuanimno ilikuwa imeunguza ngozi ya juu ya jicho kama jua linavyounguza mgongo, na maumivu yake huchelewa kwa saa kadhaa, ndiyo maana hakuna kilichonionya wakati ule. Mionzi hiyo hudunda hata kwenye ukuta mweupe. Anayesimama karibu naye avae, au pawepo pazia la kumkinga.

Helmeti inayojifunika yenyewe (kioo chake hutiwa giza mwali unapowaka) ni rafiki mkubwa wa anayeanza, kwa sababu unaona unapogusa kabla mwali haujawaka. Kwa ampea 40 hadi 60 weka kivuli, yaani kiwango cha giza cha kioo, namba 9 au 10. Ukipanda juu ya hapo nenda 10 au 11. Kabla ya kazi bonyeza kitufe cha kuijaribu, au washa kiberiti cha gesi chenye cheche mbele ya vihisi uone kama inafunga. Hakikisha nywele, kofia au mkono wako havifuniki vihisi unapoinama. Miwani ya jua haifai hata kwa nukta moja, na kufumba macho si kinga. Ndani ya helmeti vaa miwani ya usalama isiyo na rangi, kwa sababu utakapoinua helmeti kugonga slagi (ganda linalobaki juu ya mshono wa rodi) au kupiga brashi, ndipo vipande vinaporuka. Wapo wanaosema lenzi za machoni hugandamana na jicho kwa sababu ya mwali. Huo ni uvumi wa miaka mingi, usikunyime usingizi.

Mwilini vaa pamba nzito, denimu au ngozi. Nailoni na poliesta huyeyuka na kushikana na ngozi. Mikono ya shati iteremke hadi kwenye glavu za ngozi, kola ifungwe hadi juu. Ile pembetatu ya ngozi chini ya koo ndiyo inayobabuka kila mara, na watu hudhani ni joto la siku hiyo. Suruali isikunjwe chini, kwa sababu mkunjo ni kikombe cha kupokelea cheche, na ianguke juu ya buti, isichomekwe ndani. Pete na saa vua. Kiberiti cha gesi kitoe mfukoni. Ziba masikio pia: grinda juu ya bamba jembamba hupiga kelele kuliko juu ya chuma kinene, maana bamba lote linatetemeka kama ngoma.

Mahali pa kazi

Kanuni za Marekani za usalama kazini husema vitu vinavyoweza kuwaka viondolewe hadi umbali wa futi 35, ambazo ni karibu mita 11. Ukisikia hivyo utaona wanatia chumvi, mpaka siku utakapofagia karakana na kukuta tembe za chuma zilizopoa chini ya kabati la upande wa pili. Ondoa karatasi, vitambaa vya mafuta, makopo ya rangi, maranda, mitungi ya gesi ya kupikia. Usichoweza kukiondoa kifunike kwa blanketi lisiloungua au bati. Angalia pia nyuma ya ukuta na chini ya sakafu ya mbao: joto hupita, na cheche hupenya kwenye nyufa. Weka karibu kizimamoto cha poda na ndoo ya mchanga. Maji hayamwagwi juu ya mashine iliyounganishwa na umeme.

Mashine ya rodi ikiwa imewashwa tu, bila kuchoma, hubeba volti kama 60 hadi 80 kati ya kishikio na ethi (klampu inayobanwa kwenye chuma ili umeme urudi). Mtu mkavu huenda asihisi kitu. Mtu aliyelowa jasho, amepiga magoti kwenye sakafu yenye maji, glavu zimelowa, anaweza kufa. Simama juu ya ubao mkavu au mpira, badilisha glavu zikilowa, usijizungushie kebo mwilini, na kagua kebo zote zisiwe na sehemu iliyochubuka. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo amuulize daktari wake kabla hata ya kukaribia mashine.

Hewa nayo. Mwaka 2017 wataalamu wa IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Hawakutenga chuma cha aina fulani, moshi wote. Fanya kazi mlango ukiwa wazi, feni ikivuta moshi uende pembeni na mbali nawe. Usiielekeze kwenye mshono, itapeperusha gesi ya MIG na mshono utajaa vitundu. Kichwa kisikae juu ya moshi unaopanda, kaa ubavuni. Vaa barakoa ya chembechembe ya kiwango cha FFP3 au P100, ile bapa inayoingia chini ya helmeti. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu hapa. Gesi ya agoni haina harufu na ni nzito kuliko hewa, hivyo kwenye shimo au ndani ya tangi inaweza kuchukua nafasi ya hewa yote bila wewe kujua. Anayeanza asichomelee sehemu za namna hiyo.

Chuma cha kukikataa

Bamba lililopakwa zinki ndilo litakalokujia mara nyingi zaidi, kwa sababu liko kila mahali. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za selsiasi, chuma huyeyuka karibu na 1,500. Maana yake zinki imeshakuwa mvuke kabla chuma hakijaanza kuyeyuka. Ukiona moshi mweupe mzito na nyuzinyuzi nyeupe kama pamba zinaelea, ndiyo hiyo. Saa chache baadaye huja baridi, homa, kuumwa viungo na ladha ya chuma mdomoni. Mtu hudhani ni malaria au mafua. Kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili, lakini kifua kikibana nenda hospitali na umwambie daktari ulikuwa unachoma nini. Kunywa maziwa kabla ya kazi hakuzuii homa hiyo, hata kama kila karakana ina mzee anayeapa kwamba kunazuia. Moshi unaingia mapafuni, maziwa yanakwenda tumboni. Kinachosaidia ni kusaga zinki yote pande mbili za bamba, angalau sentimita 5 kutoka kwenye mshono, ukiwa nje na barakoa. Kwa kujifunzia, nunua bamba jeusi lisilopakwa chochote, uache hadithi hiyo.

Kadimiamu ni jambo jingine kabisa. Boliti na vipande vya zamani vilivyopakwa madini hayo vikichomwa, mvuke wake unaweza kuua, na kwa macho huwezi kuvitofautisha na vilivyopakwa zinki. Usichokijua kimepakwa nini, usikichome. Vivyo hivyo rangi za zamani, ambazo nyingi zilikuwa na risasi.

La tatu linawashtua hata mafundi. Baadhi ya dawa za kusafishia breki na kuondolea grisi zina klorini ndani yake. Zikikutana na joto na mwanga wa mwali hutoa fosijini, gesi iliyotumika kama silaha katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Soma kopo: ukiona neno lenye «kloro», au «chlor» kwa Kiingereza, ndani yake, dawa hiyo isikaribie meza ya kuchomelea. Safisha kwa asetoni, acha ikauke kabisa, kopo lifungwe na lipelekwe mbali.

La mwisho: pipa, tangi la mafuta, kopo lililofungwa, bomba lililozibwa pande zote. Hapana. Hata pipa lililooshwa na kukaa mwaka mzima huweza kubaki na mvuke unaotosha kulipuka. Kuna watu wanaoifanya kazi hiyo kwa utaratibu wao na vipimo vyao. Wewe unayesoma mwongozo wa kuanzia si mmoja wao, na mimi pia si mmoja wao.

Kuandaa bamba

Hapa ndipo nusu ya mshono inapofanyika. Saga kutu, rangi na lile ganda jeusi la kiwandani hadi chuma king'ae, sentimita 2 au 3 kila upande wa ungio, na pale utakapobana ethi pia. Kata moja kwa moja, kisha pitisha tupa kuondoa miba ya kingo. Mabamba mawili yakikutanishwa ukingo kwa ukingo yashikane kabisa; pengo likizidi nusu ya unene wa bamba, moto hauna kitu cha kuyeyusha hapo katikati, unakula kingo. Ungio la kulaza bamba moja juu ya jingine kwa sentimita 1 au 2 ni rahisi zaidi, lianze hilo.

Nyuma ya ungio banisha kipande cha shaba nyekundu au alumini nene. Shaba hupitisha joto mara saba au nane kuliko chuma laini, hivyo inanyonya joto la ziada, na chuma hakishikani nayo. Bomba la shaba lililopondwa likawa bapa linatosha. Kwangu hiki ndicho kifaa chenye faida kubwa kuliko vyote kwenye kazi ya bamba, na watu wengi hawanacho.

Kuseti mashine

Kanuni ya kuanzia kwa MIG ni ampea 40 kwa kila milimita moja ya unene. Bamba la milimita 1.2 litataka karibu 48, la 1.5 litataka 60. Ndani ya mfuniko wa mashine nyingi kuna jedwali la volti na mwendo wa waya; lifuate, kisha rekebisha kwa sikio. Gesi iwe lita 8 hadi 12 kwa dakika. Mtungi usimame wima na ufungwe kwa mnyororo ukutani au kwenye kitoroli, kwa kuwa mtungi uliojaa ukianguka na kuvunjika valvu hugeuka kombora.

Waya wa kawaida wenye gesi hutaka tochi (kishikio cha MIG kinachotoa waya) iwe upande chanya. Waya wenye flaksi usio na gesi hutaka tochi iwe upande hasi. Wengi huchoma mwezi mzima kinyume na hivyo wakilaani mashine. Hakikisha pia ncha ya shaba na gurudumu la kulisha waya ni vya milimita 0.6. Kaza gurudumu kiasi tu: ukielekeza waya kwenye kipande cha mbao kwa umbali mdogo, ujikunje na kuendelea kutoka, usikwame wala usifungamane ndani ya mashine.

Sasa choma mstari kwenye kipande cha taka, chenye unene ule ule wa kazi yako. Mlio mzuri ni wa kitu kinachokaangwa kwenye mafuta, mfululizo na laini. Tochi ikikusukuma mkono na waya unagonga-gonga, mwendo wa waya umezidi au volti ni ndogo. Waya ukitengeneza donge na kurudi hadi kwenye ncha, punguza volti au ongeza waya. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Na usisahau kwamba mashine ndogo ina muda wake wa kupumzika: ikiandikwa asilimia 20, ina maana kwa kila dakika 10 inachoma 2 tu kwa kiwango hicho cha ampea.

Nukta ya kwanza

Kaa sawa. Egemeza kiwiko au kiganja cha mkono wa pili mezani, maana mkono unaoelea hewani hutetemeka. Waya uchomoze kama milimita 8, tochi isimame karibu wima ikiinama kidogo. Ncha ya waya iguse mstari wa ungio. Pumua. Teremsha helmeti, bonyeza.

Kinachoonekana kwanza ni mwanga tu, na anayeanza huutazama huo. Usiutazame. Tazama chini yake, ukingoni: kuna dimbwi dogo linalong'aa, na kingo zake zinatetemeka kama maji kwenye kikombe kilichoguswa. Linaanza upande mmoja wa ungio, kisha linavuka na kushika upande wa pili. Likishashika pande zote mbili na kufikia upana wa milimita 4 hivi, achia kitufe. Ni chini ya sekunde moja. Usiondoe tochi mara moja. Gesi inayoendelea kutoka inaikinga nukta inapopoa, na ndani ya helmeti utaiona ikififia kutoka nyeupe hadi rangi ya chungwa hadi nyekundu iliyokoza. Ukiona katikati ya dimbwi panaanza kubonyea kwenda chini, hiyo ni dalili ya kutoboka na umebakiwa na muda mfupi sana. Achia.

Piga nukta ishirini kama hizo kwenye bamba la taka bila kuunga chochote. Geuza bamba. Nyuma ya kila nukta patakuwa na duara la rangi ya buluu, na kwenye zile nzuri katikati yake patakuwa na kiuvimbe kidogo sana. Isiyo na alama nyuma haikuyeyusha bamba, imekaa juu tu.

Kutoka nukta hadi mshono

Kazi halisi inaanza kwa kushikiza: nukta moja kila mwisho, moja katikati, kisha katikati ya zilizopo, mpaka umbali kati yao uwe sentimita 3 hadi 5. Baada ya kila nukta kadhaa kagua kama mabamba bado yako sawa. Yakipandana, gonga taratibu kwa nyundo kabla hujaendelea.

Kisha jaza kwa kurukaruka. Choma sentimita moja kushoto kabisa, nenda kulia kabisa, rudi katikati. Usianze upande mmoja ukaenda moja kwa moja hadi mwisho, hata kama mkono unakuambia unaweza. Sababu ni hii: chuma kikipata joto hutaka kutanuka, lakini bamba baridi linalokizunguka linakibana, hivyo kinajisukuma na kunenepa pale pale. Kikipoa kinasinyaa na kuwa kifupi kuliko kilivyokuwa. Mstari wa mshono umepungua urefu, bamba lililobaki halijapungua, na ziada hiyo inatafuta pa kwenda. Hapo ndipo bamba linapopata mawimbi.

Kati ya vipande subiri mpaka uweze kuweka kiganja bila glavu karibu na mshono. Usimwage maji ili uharakishe. Kama kuna mawimbi kidogo mwishoni, weka kipande cha chuma kizito nyuma ya mshono na uugonge mbele kwa nyundo bapa: kugonga kunaurefusha ule mstari uliosinyaa, na bamba hurudi taratibu.

Tundu likitokea, acha lipoe kwanza. Weka ile shaba nyuma yake, kisha piga nukta ukingoni, subiri, piga nyingine juu ya ukingo wa ile ya kwanza, zunguka hadi lifunge.

Kwa rodi mambo hubadilika kidogo. Rodi ya milimita 2 ianzie ampea 40 hadi 50. Rodi inagandamana unapowasha, na hilo ndilo linalowavunja moyo wengi. Iwashe kwa kuikwaruza kama njiti ya kiberiti, si kwa kuichoma wima, na ikiganda izungushe kwa nguvu au iachie kwenye kishikio. Weka bamba liiname, au lisimame wima kabisa, uchome kutoka juu kwenda chini kwa mwendo wa haraka, urefu wa mwali usizidi unene wa rodi yenyewe. Hapa dimbwi linateremka pamoja nawe na joto halipati muda wa kukaa. Kila kipande kikiisha, gonga slagi na upige brashi hadi ing'ae kabla ya kuunganisha kipande kinachofuata, la sivyo utaifukia ndani.

Kuujaribu mshono

Usiridhike na sura. Unganisha vipande viwili vya taka kwa kulaza kimoja juu ya kingine, vibane kwenye jiliwa na uvipinde kwa nyundo mpaka kitu kiachie. Mshono ukibanduka mzima na kuacha bamba safi chini yake, haukushika: ongeza moto kidogo au punguza mwendo. Bamba likichanika pembeni ya mshono huku mshono wenyewe ukibaki, umefaulu. Vitundu vidogo kama vya sifongo ni gesi iliyopeperushwa, imekwisha, au bamba chafu. Mshono mrefu uliosimama kama kamba juu ya bamba ni moto mdogo. Na mpaka utakapokuwa umevunja mishono mingi ya namna hii kwa nyundo yako mwenyewe, usichomelee kitu kinachobeba uhai wa mtu: ngazi, fremu ya pikipiki, sehemu inayobeba uzito wa gari.

Kusafisha mshono tumia diski ya msasa wa majani, si jiwe nene. Jiwe hula bamba jembamba kabla hujagundua, na joto lake peke yake linatosha kulikunja. Kinga ya grinda isitolewe. Jiwe la kukatia halisagii kwa ubavu, linapasuka. Mizunguko iliyoandikwa kwenye diski isiwe midogo kuliko ya grinda.

Mtu akiumia

Ngozi iliyoungua: maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, mafuta wala barafu. Macho yaliyopigwa na mwali: usiyasugue, kaa gizani, weka kitambaa cha maji baridi juu yake, yasipotulia ndani ya siku moja, au ukiona ukungu, nenda hospitali. Matone ya kutia ganzi yasitumiwe nyumbani, yanachelewesha jicho kupona. Kipande cha chuma kilichochoma jicho kisichokolewe na mtu yeyote ila daktari. Aliyeshikwa na umeme asiguswe kabla umeme haujakatwa kwenye swichi kuu.

Ukimaliza

Funga valvu ya mtungi, bonyeza kitufe cha tochi ili gesi iliyobaki kwenye bomba itoke, kisha zima mashine na uchomoe plagi. Kama ni rodi, toa kipande kilichobaki kwenye kishikio. Andika kwa chaki neno MOTO kwenye bamba ulilotoka kuchoma, kwa sababu chuma cha nyuzi 300 kinafanana kabisa na chuma baridi, na anayekuja nyuma yako atakishika.

Kisha usiondoke. Kanuni zile zile za Marekani zinataka mtu abaki akilinda moto kwa angalau nusu saa baada ya kazi. Mimi hukaa saa nzima nikiwa nimechoma karibu na mbao. Fagia, kunja kebo, panga klampu. Kila baada ya dakika chache zima feni na usimame kimya ukinusa. Zima taa kidogo, maana kaa dogo linaloonekana gizani halionekani kwenye mwanga. Pitisha kiganja ukutani kule cheche zilikokuwa zinaelekea, na nyuma ya ukuta huo, na chini ya benchi. Pakiwa baridi kila mahali, funga mlango.